Tundu na Kinywa: Tahakiki ya Viko vya Udongo na Wasomaji Wake

Kati ya vitu vyote ambavyo ardhi hutema kutoka zama za ukoloni wa Ulaya, ni vichache vilivyo dhalili kuliko kipande cha kiko cha udongo. Ni kijiti cheupe, aghalabu kifupi kuliko kidole, na katikati yake limepenya tundu jembamba lililokuwa njia ya moshi. Kiko kizima kilinunuliwa kwa bei ndogo na kikavunjika upesi. Mwenye nacho alikitupa, akachukua kingine. Ndiyo maana vipande vyake vimejaa tele katika majaa ya kale ya Virginia, ya Barbados na ya Rasi ya Tumaini Jema. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende. Kijiti hiki kimezua mabishano ambayo makasri na ngome hazikuyazua, kwa sababu kilipita katika vinywa vya watu ambao hawakuacha maandishi.

Makala haya hayakusudii kusimulia historia ya viko. Yanakusudia kuhakiki jinsi vilivyosomwa. Kitu kilichofukuliwa ni matini, na kila anayesoma matini hana budi kuchagua aiulize nini. Wanaakiolojia wameviuliza viko hivi maswali matatu: vilitengenezwa lini, vilifinyangwa na nani, na vilitiwa kinywani na nani. Rai yangu ni kwamba swali la tatu, ambalo kwa mtu wa kawaida lingekuwa la kwanza, ndilo lililocheleweshwa kuliko yote. Na kuchelewa huko kunatufunza jambo kuhusu wasomaji kama kunavyotufunza kuhusu viko.

Kabla ya kuingia katika hoja, inafaa tujikumbushe msamiati tulionao. Kamusi za Kiswahili zilizotungwa tangu karne ya 19 zimehifadhi majina ya sehemu za kiko cha maji cha watu wetu wa pwani: bori, mahali panapotiwa tumbaku na kaa la moto, digali, kijiti kinachoteremka kutoka bori hadi kwenye maji, shilamu, mrija unaotiwa kinywani, na malio, yaani sauti ya maji yanapotokota mvutaji anapovuta. Kiko cha udongo cha Mzungu hakikuwa na maji, wala hakikuwa na malio. Hata hivyo, msamiati huu una somo kwa mhakiki. Lugha iliyoona haja ya kuipa jina hata sauti ya kiko ni lugha iliyomtazama mvutaji akivuta. Wataalamu wa viko vya udongo, kwa muda mrefu, walikitazama chombo baada ya mvutaji kuondoka.

Tundu

Mwaka 1954, Jean Carl Harrington, aliyekuwa amechimba Jamestown, Virginia, tangu miaka ya 1930, alichapisha makala mafupi katika jarida la chama cha akiolojia cha jimbo hilo. Alikuwa amechukua keekee za kutobolea vyuma, akaziingiza moja baada ya nyingine katika matundu ya viko 330 ambavyo umri wake ulijulikana, na akaona utaratibu ambao haukuwa umetangazwa kabla yake. Ukiigawa inchi katika sehemu 64, basi viko vya Kiingereza vya miaka ya 1620 hadi 1650 aghalabu vilikuwa na tundu la upana wa sehemu 8. Vya 1680 hadi 1710, sehemu 6. Na vya 1750 hadi 1800, sehemu 4. Kadiri miaka ilivyopita mirija ilirefushwa, na kadiri ilivyorefushwa, tundu lilipungua.

Mwaka 1962 Lewis Binford aliugeuza utaratibu huo kuwa mlinganyo. Chukua wastani wa matundu ya vipande vyako, uzidishe kwa 38.26, kisha utoe jibu katika 1931.85, hapo utapata mwaka wa wastani wa jaa lako. Mlinganyo huu una uzuri wake, na una kichekesho chake pia: ukiufuata hadi mwisho, tundu la kiko linaziba kabisa mnamo mwaka 1931 na moshi haupiti tena. Binford hakukusudia tuufuate hadi huko. Mlinganyo unahitaji vipande vingi, unafaa viko vya Kiingereza zaidi ya vingine, na hupoteza nguvu zake kwa viko vya baada ya takriban mwaka 1780.

Sitaki nieleweke kwamba naidharau kazi hii. Kabla yake, jaa la taka lilikuwa kimya. Baada yake, mchimbaji aliweza kusema kwa busara kwamba nyumba hii ilikaliwa kabla ya ile. Lakini mhakiki wa ushairi ataitambua hatari iliyomo. Kuna msomaji anayehesabu mizani, akahakikisha vina vya kati na vya mwisho, kisha akafunga daftari akidhani amelifasiri shairi. Hesabu yake ni sahihi na haina kosa hata moja. Kilichobaki nje ya hesabu ni shairi.

Tundu hutuambia kiko kilitoka katika kalibu lini. Halituambii kilivutwa lini, wala na nani, wala kwa furaha au kwa uchungu gani. Fauka ya hayo, wakati unaopimwa na tundu ni wakati wa kiwandani: wakati wa mafundi wa Bristol na London. Tuchukue mfano wa barani kwetu Afrika. Mwaka 1990 Carmel Schrire, James Deetz na wenzao walichapisha uchambuzi wa viko vya Oudepost I, kituo cha Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India kilichokuwa katika Ghuba ya Saldanha kati ya mwaka 1669 na 1732. Viko vilisaidia kupanga tarehe za kituo kile. Lakini katika Rasi hiyohiyo, tumbaku ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Waholanzi waliwapa Wakhoikhoi kwa ng'ombe na kondoo wao. Kwa mfugaji aliyetoa mnyama wake akapokea moshi, mwaka wa kalibu ya Uholanzi haukuwa na maana yoyote. Mwaka wake yeye ulihesabiwa kwa mifugo iliyokuwa ikipungua. Kijiti ni kilekile, na nyakati ni mbili. Tundu linaijua moja tu.

Mkono

Swali la pili lilizuka kwa sababu si viko vyote vya Virginia vilivyotoka Uingereza. Kando ya vile vyeupe, wachimbaji wa nchi za Ghuba ya Chesapeake walikuta viko vya karne ya 17 vilivyotengenezwa hukohuko kwa udongo wa rangi ya hudhurungi au nyekundu. Vingi vimepambwa kwa vitone vidogovidogo vilivyochomwa kabla ya udongo kukauka: nyota, pembetatu, mnyama anayekimbia mfano wa paa. Katika baadhi yake vitone hivyo vilijazwa kitu cheupe ili pambo lidhihirike. Ni kazi ya mtu aliyekuwa na subira na aliyekuwa na jambo la kusema. Mtu huyo ni nani?

Mwaka 1988 Matthew Emerson aliandika tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akitoa jibu lililowashtua wengi. Alilinganisha mapambo hayo na yale ya Afrika ya Magharibi, miongoni mwao pambo la watu wa Ga'anda wa Nigeria, akafikia rai kwamba Waafrika waliofikishwa Virginia kwa nguvu kuanzia mwaka 1619 walikuwa na mkono katika viko hivi. Mwaka 1999, katika mkusanyiko wa makala uliohaririwa na Theresa Singleton, Daniel Mouer na wenzake walimjibu kwa ukali. Walisema kwamba mapambo hayo yalikuwako kwa wenyeji asilia wa Amerika kabla Mwafrika hajatia mguu katika nchi hiyo. Kwamba wenyeji hao ndio walioijua tumbaku na kiko kabla ya wote. Na kwamba kuwapa Waafrika kazi hiyo bila ya ushahidi madhubuti ni kuwapokonya wengine waliokwisha kupokonywa ardhi.

Msomaji wa Uswahilini hahitaji kufafanuliwa joto la mabishano haya. Sisi tumeishi ndani ya mabishano ya namna hiyo. James Kirkman, aliyechimba Gede kuanzia mwaka 1948 na baadaye Ngome ya Yesu, alishikilia kwamba magofu ya mawe ya pwani yetu ni kazi ya Waarabu, na mwenyeji wa Kiafrika akabaki mtazamaji katika mji wake mwenyewe. Ilibidi kungojea wachimbaji wa baadaye, kama Mark Horton aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate katika miaka ya 1980, ili ionekane kwamba chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti midogo ya miti na udongo, iliyojengwa upya mara kwa mara pahala palepale. Jengo lilikua juu ya mizizi yake. Tunajua basi uchungu wa kunyimwa uandishi wa kazi ya mikono yako.

Kwa sababu hiyohiyo tunapaswa kuwa waangalifu. Huruma yetu inaelekea upande wa Emerson, kwani nani asingependa kumwona Mwafrika wa mwaka 1660, aliyenyang'anywa kila kitu, akichora nyota ya kwao juu ya udongo wa ugenini? Lakini kupenda jambo liwe kweli hakulifanyi liwe kweli. Kufanana kwa mapambo hakutoshi. Pembetatu na nyota ni mali ya kila mfinyanzi duniani, kama vile kina cha "-ni" kilivyo mali ya kila mtunzi wa Kiswahili; hatuwezi kusema kwamba malenga wawili ni ndugu kwa sababu wametumia kina kimoja. Mouer na wenzake walikuwa na haki ya kudai uhakiki zaidi.

Hata hivyo, pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja bila ya kulisema: kwamba kila kiko lazima kiwe na kabila. Jambo hili lilikuja kuulizwa na Anna Agbe-Davies katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu tumbaku, viko na suala la rangi za watu katika Virginia ya kikoloni. Yeye alichambua viko kutoka Jamestown na mashamba ya jirani, akatazama jinsi vilivyotengenezwa na jinsi vilivyosambazwa, na akatukumbusha kwamba katika karne ya 17 mgawanyo wa watu kwa rangi ulikuwa bado unajengwa. Sheria za utumwa wa kurithi zilikuwa zinatungwa. Katika nyumba moja walifanya kazi mtumishi wa mkataba kutoka Uingereza, Mwafrika, na pengine mwenyeji wa nchi. Kuvipanga viko vyao katika visanduku vitatu vilivyoandikwa majina ni kuisaidia sheria ile kukamilisha kazi yake, miaka mia tatu baadaye.

Naiona rai hii kuwa ndiyo iliyokomaa zaidi, ingawa haituridhishi. Haituridhishi kwa sababu inatunyima jina. Mfinyanzi wa viko tunayemjua kwa jina kutoka siku za mwanzo za Jamestown ni Mwingereza, Robert Cotton, aliyefika mwaka 1608; naye tunamjua kwa sababu aliandikwa katika orodha ya abiria. Wengine hawakuorodheshwa, na udongo peke yake hautii saini.

Kinywa

Sasa twende kisiwani. Katika parokia ya Christ Church, Barbados, palikuwa na shamba la miwa lililoitwa Newton. Jerome Handler na Frederick Lange walichimba makaburi ya watumwa wa shamba hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu chao mwaka 1978. Walifukua mabaki ya watu 104 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1660 na 1820. Katika makaburi kadhaa mlikuwa na viko vyeupe vya Kizungu ambavyo havikuvunjika. Linganisha na majaa ya Virginia: kule kiko ni taka, huku ni kitu ambacho walio hai waliona kinamstahiki maiti.

Kaburi moja, walilolipa nambari 72, lilikuwa la mwanamume mzee wa mwishoni mwa karne ya 17 au mwanzoni mwa ile ya 18. Alizikwa na kisu, bangili na pete za madini, na mkufu wa kauri, shanga za kioo, meno ya mbwa, pingili za uti wa samaki, na akiki kubwa nyekundu. Alizikwa pia na kiko kifupi cha udongo, cha namna ya kuchomekewa mrija wa mti au tete, ambacho hakikufanana na viko vya Kizungu. Handler aliona kwamba yamkini kilitengenezwa Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, na mwaka 1997 akaeleza kwa nini anamdhania mzee huyo kuwa mganga. Ile akiki, kwa rai ya wataalamu, ilichongwa Khambhat, Gujarat. Msomaji wa visiwa hivi atasita hapo, kwa kuwa akiki za Gujarat ni miongoni mwa vitu vinavyofukuliwa katika miji yetu ya kale, tangu Shanga hadi Kilwa. Bahari yetu ilikuwamo shingoni mwa mtu yule.

Jina la mzee huyo hatulijui. Daftari za Newton za mwishoni mwa karne ya 18 zinaorodhesha watumwa kama mali, yeye alitangulia. Lakini kiko chake kinatufikisha mahali ambapo tundu na mkono havikutufikisha, maana hakikuzikwa ili kitupe tarehe. Kilizikwa kwa kuwa mtu fulani alikumbuka kwamba marehemu alikuwa akivuta.

Meno yanathibitisha. Wachunguzi wa mifupa ya Newton walikuta meno yaliyolika kwa umbo la duara, alama ya mrija wa kiko uliobanwa pahala pamoja kwa miaka. Kwa hiyo udongo ulimwandika mvutaji kama yeye alivyouachia alama zake. Haya ni maandishi ya watu walionyimwa kalamu, na hayakuwa na nia ya kusomwa.

Hapa tujihadhari na utamu. Ni rahisi kutazama kiko kaburini na kuimba sifa za uhuru wa moyo. Handler huyohuyo ameonyesha, katika makala ya mwaka 2009, kwamba katika merikebu za watumwa mateka waligawiwa viko na tumbaku. Na katika mashamba, tumbaku ilikuwa tunzo ya mtumwa mtiifu. Tumbaku yenyewe, tangu John Rolfe alipoanza kuilima Virginia mwaka 1612, ndiyo iliyozidisha njaa ya wenye mashamba kwa mikono ya kulima. Kilichompumzisha mtumwa jioni ndicho kilichokuwa kimemleta. Kiko kilikuwa faraja na kilikuwa hatamu kwa wakati mmoja, na uhakiki unaochagua moja ya hayo mawili na kuliacha la pili unamdanganya msomaji.

Mwaka 2019 swali la kinywa lilipata jibu la namna mpya. Julie Schablitsky na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mirija ya viko kutoka nyumba ya watumwa katika shamba la Belvoir, Maryland. Udongo wa mrija hunyonya mate, na katika kipande kimoja chembe za nasaba zilikuwa zimehifadhika kwa takriban miaka 200. Mvutaji alikuwa mwanamke, na nasaba yake ilikaribiana zaidi na ya Wamende wa Sierra Leone.

Ni habari ya kustaajabisha, na ni haki tustaajabu. Wale waliomdhania mvutaji daima kuwa mwanamume wamejibiwa. Lakini tusiipe sayansi hii kazi isiyo yake. Imetupa jinsia na imetupa upande wa dunia. Haikutupa jina, wala umri wake alipokivuta, wala kama alikijua Kimende au alikisikia kwa bibi yake tu. Belvoir inatajwa mara kwa mara kwa kuwa ilikuwa nyumba ya bibi yake Francis Scott Key, aliyeandika mwaka 1814 maneno yaliyokuja kuwa wimbo wa taifa wa Marekani. Jina la mtunzi limo katika kila kitabu cha shule. Jirani yake wa uani tunamjua kwa mate.

Hitimisho

Nimeyapanga maswali matatu kwa utaratibu yalivyoulizwa. Tundu lilisomwa kwanza kwa sababu lilipimika na kwa sababu halikumuudhi mtu. Mkono ulisomwa baadaye, ukaudhi, na ugomvi wake ukatufunza kwamba jina la kabila linaweza kuwa gereza la pili. Kinywa kimesomwa mwisho, ingawa kiko hakina kazi nyingine ila kutiwa kinywani.

Hoja hii haiishii ng'ambo. Nasi tunayo mashamba. Karafuu za Unguja na Pemba zililimwa katika karne ya 19 kwa jasho la watumwa, hadi utumwa ulipoondolewa hadhi ya kisheria mwaka 1897. Sarah Croucher, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu akiolojia ya mashamba hayo, alichimba Mgoli, Pemba, akauliza habari za mabwana, masuria na watumwa kwa pamoja. Hiyo ni njia iliyofunguliwa, na inahitaji wapitaji wengi zaidi, hasa wenye lugha hii. Sisi tumezoea kuonyesha wageni milango iliyonakshiwa na kutaja majina ya waliokuwa wakiingia kwayo. Aliyekuwa akilala banda la uani, akivuta kiko chake baada ya kuchuma karafuu, hana mlango wa kuonyeshwa. Labda ana kigae, labda ana kipande cha bori, kama jembe halijakisaga.

Wahenga wanasema kinywa ni jumba la maneno. Majumba mengi ya maneno yalibomolewa kabla hatujayafikia, na si kazi ya mhakiki kuyajenga upya kwa maneno yake mwenyewe na kudai kwamba ndiyo ya wenyewe. Kazi yake ni kusema wazi kwamba jumba lilikuwako, mahali hapa, na kuwazuia wapimaji wa matundu wasipite juu yake wakidhani ni uwanja mtupu.